Nundu za Pikapu ya Nurdini

Kijiwe cha Mama Anthony, nyuma ya gereji ya fundi Halfani pale Masasi, kina mabenchi mawili, ubao wa drafti, na kahawa ambayo ukiinywa asubuhi unabishana mpaka magharibi. Siku hiyo kulikuwa na cha ziada. Kemshafti, kile chuma kirefu chenye nundu nane ambacho huzunguka injinini na kusukuma tapeti ili valvu zifunguke, kilikuwa kimelazwa juu ya gunia, na Nurdini ameketi pembeni yake kama aliyelaza mgonjwa.

Pikapu yake kuukuu ilikuwa imeanza kukata pumzi mlimani, na Jumamosi binti yake Rahima anaolewa Newala. Wakwe walisema wataleta basi dogo kumchukua bibi harusi. Nurdini akakataa mbele ya watu: mwanawe alipandishwa mlima wa Newala na pikapu hii akiwa mchanga, basi atapanda nayo na siku ya harusi. Kauli imeshatoka, na sasa alikuwa na hofu kwelikweli.

Fundi alikuwa amefungua injini alfajiri, kisha akaenda kuazima maikromita, kipimo cha kujua nundu zimelika kiasi gani. Kijiwe hakikuona sababu ya kumngoja. Anselmo, aitwaye Waziri tangu agombee uenyekiti wa kitongoji akaangushwa, alipitisha kucha juu ya chuma.

— Ya tatu imekwisha. Kucha yangu haidanganyi.

— Kucha hiyo hiyo ilituambia mvua hainyeshi, korosho zikaloa, alisema Mama Anthony akimimina kahawa.

Mwenzao mmoja hupulizia watu mikorosho, na kila balaa duniani husema limeletwa na dawa yake, ndiyo maana wanamwita Salfa. Alichomoa uzi kwenye pindo la kanzu, akazungushia nundu moja baada ya nyingine, uzi ukakatika kwenye ya tano. Akatangaza kuwa hiyo ndiyo mbovu. Vumbi la salfa limeingia injinini likaila.

— Si salfa, alisema Waziri. Ni mlima. Gari likipanda Newala linainua pua, oili yote inakimbilia nyuma, nundu za mbele zinakauka. Dawa yake ni kupanda kinyumenyume.

— Na likishuka? aliuliza Salfa.

— Likishuka zinanenepa.

Nurdini aliuliza kama chuma kilichopungua kinaweza kunyooshwa. Waziri akamjibu samaki mkunje angali mbichi.

Kumngoja fundi kukawa kazi, wakavuta ubao wa drafti. Vizibo vya soda vilikuwa pungufu, ila ubaoni walikuta vipande vinane vya chuma vya mviringo vimekaa kila kimoja kwenye nyumba yake, vizito, vizuri kushika. Waziri akasema penye wengi hapaharibiki neno, wakacheza. Nurdini alipata kingi mbili, akamla Salfa kete tatu mkupuo mmoja, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaisahau Jumamosi.

Fundi Halfani alirudi jua limeshakuwa kali. Alifuta kila nundu, akaipima kutoka kileleni hadi mgongoni, kisha upana wake, akatoa kipimo cha pili kwenye cha kwanza kichwani.

— Baba Rahima, nundu zimelika, lakini kidogo na sawasawa. Iliyokuwa ikikuchosha ni nafasi kati ya valvu na tapeti tu, imepanuka. Nikirudisha kila kitu mahali pake, Jumamosi unafika Newala bila kupumzika.

Nurdini alishindwa kujizuia, akamshika fundi mkono kwa mikono yote miwili. Aliagiza kahawa ya wote.

— Sasa nipeni tapeti, alisema fundi. Kila moja imelika pamoja na nundu yake, ukizibadilisha zinatafunana. Ndiyo maana nilizipanga kwa mfuatano kwenye ubao ule. Ya kwanza ni ipi?

Waziri alitazama kucha yake. Salfa akaanza kutafuta uzi wake chini ya benchi. Mama Anthony aliinamisha birika, likatoa mashapo. Tapeti tano zilikuwa zimesambaa ubaoni, na tatu ziko kwenye kiganja cha Nurdini, zina joto la mkono wake.

Aliziweka juu ya gunia, moja moja, akatoa simu.

— Mkwe, hamjambo huko Newala? Sisi wazima. Lile basi dogo mlilosema... naomba mje nalo. Na mniwekee nafasi na mimi, nikae karibu na mwanangu.