Maikrowevu ya Nasriya

Baina ya Alasiri na Magharibi, jua la Ruwi, hapa Maskati, limeshalegea lakini ukuta bado unachoma mgongo, sisi watatu hukaa kwenye benchi la mbao nje ya duka la fundi cherehani, nyuma ya kituo cha mabasi. Aziz huja na themosi ya kahawa na finjani nne, ingawa sisi tu watatu. Ya nne, anasema, ni riziki ya mpita njia. Tunamwita Redio, maana hazimiki. Saeed ni Fyuzi: zamani alikuwa mtunza stoo ya vifaa vya umeme, na tangu hapo kila kitu chenye waya anakijua yeye. Mimi wananiita Nusu Maalim, kwa kuwa chuoni kule Unguja niliishia juzuu ya kumi na tano, nusu ya Kurani, na skuli darasa la sita. Siku moja ya Juni, mwaka elfu mbili na moja, nilikwenda benchini na bili ya umeme mfukoni mwa kanzu na nia mbaya moyoni. Mungu anisamehe.

Nia yenyewe niiseme mapema. Binti yangu Nasriya, anayekaa Al Khuwair na mumewe na mtoto wao, alikuwa akipita kwangu kila siku akitoka kazini. Ananiletea chakula cha moto, anakaa mpaka nimalize. Baada ya Iddi Kubwa akaninunulia maikrowevu. Tangu hapo anakuja Ijumaa tu, anajaza friza vibakuli, kila kimoja na kikaratasi kwa hati yake: Jumamosi, mchuzi wa papa, Jumapili, pilau. Bili ilipopanda nikamwambia ni maikrowevu inakula umeme, aje aichukue. Akanijibu, “Kawaulize wanaojua, baba. Wakisema ni kweli, ntaichukua.” Nami nilijua, ikiondoka hiyo, yeye atarudi kila siku.

— Hebu niione, akasema Fyuzi, akavaa miwani. Lo! Bwana wee, hii bili au mahari?

— Ni maikrowevu, nikasema. Hakuna jengine jipya nyumbani.

— Ndiyo hiyo hiyo! Ile sahani ya kioo inavyozunguka mle ndani, umeiona? Ile ina mota. Ukiweka nyama na mifupa yake, mota inabeba mzigo. Wewe pasha mchicha, utaona bili itakavyoshuka.

— Umeme wako wa zamani, Fyuzi, akadakia Redio. Sahani haina neno. Ni saa. Zile nambari za kijani zinawaka kutwa, na mwenyewe hayupo. Paka akiondoka, panya hutawala.

— Panya gani tena? akauliza Fyuzi.

— Umeme, yakhe! Nnasema umeme!

— Basi afunike kitambaa.

— Kitambaa kitaziba macho yako, si ya mita.

— Kwa hiyo niirudishe? nikauliza, pupa imenijaa.

— Usikimbie, akasema Fyuzi, akaweka finjani chini. Nimekaa na vitu hivi stoo miaka kumi na moja. Mle ndani mna mawimbi. Na mawimbi, Nusu Maalim, hayajui ukuta. Wewe unapasha bakuli lako, yenyewe yanapita, yanampashia na jirani. Jirani yako nani?

— Hamdiya, mjane wa marehemu Sleiman.

— Hajakwambia chai yake haipoi?

— Juni hii, Maskati, chai ya nani inapoa?

— Umeona! Akajipiga goti. Mtu anakunywa chai kwa bili yako. Kikulacho ki nguoni mwako!

Redio hakubali kushindwa, hata kwa upuuzi.

— Hayo madogo. Mimi nimesikia, wapi sikumbuki, lakini nimesikia: mawimbi hayaishii kwa Hamdiya. Yanatoka nje mpaka kwenye mita. Lile duara la mita likipata joto, linakimbia kama mtu anayepita peku kwenye mchanga wa Qurayyat saa saba ya mchana. Na hata ukiizima maikrowevu, linaendelea.

— Kwa nini liendelee?

— Limeshazoea!

Tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ukweli, nilijua ni maneno matupu. Darasa la sita si haba kiasi hicho. Lakini nilikuwa nayaokota moja moja, kama shahidi wa uongo anavyofundishwa la kusema.

— Basi nimwambie Nasriya wazee wamekubaliana?

— Mwambie! Mwambie Fyuzi kasema.

Hapo akatoka dukani kwa fundi mtu wa makamo, suruali iliyoshonwa upya mkononi. Tulikuwa hatujamwona kabla. Alisema jina lake Mutasim, kakulia Tabora, na hapa anatengeneza AC. Redio akammiminia ile finjani ya nne.

— Shikamooni wazee. Samahanini, nimewasikia nikiwa ndani. Mzee, hiyo maikrowevu unaiwasha dakika ngapi?

— Tatu.

— Mara ngapi kwa siku?

— Mbili. Mchana na usiku.

— Dakika sita. Akatabasamu, lakini si kwa dharau. Mzee wangu, hizo hazifiki hata dakika kumi za AC, na joto hili la Juni AC ndiyo inayokula umeme. Nyumbani una AC ngapi?

— Mbili.

— Zinawaka saa ngapi kwa siku?

— Hazizimwi.

— Zote mbili? Unakaa na nani?

— Peke yangu.

Akaishika finjani bila kuinywa, akauliza kwa upole kabisa:

— Sasa ile ya chumba cha pili inampozea nani?

Redio, ambaye hazimiki, akazimika. Fyuzi akaikunja bili yangu mara nne, akanirudishia bila kunitazama. Wao wanajua. Mke wangu Khole nilimzika miaka mitatu nyuma, na mwaka uliofuata Nasriya akaolewa. Redio akainua themosi, akaitikisa. Imekwisha. Msikitini wakaadhini, tukainuka.

Chumba hicho ni cha Nasriya. Tangu siku alipotoka na mumewe sijaizima AC yake. Nilijiambia, akija ghafla asikute joto. Kweli yenyewe ni kuwa mngurumo wake ukipenya ukutani, nyumba huwa kama ina mtu aliyelala. Niliporudi kutoka kuswali nikaufungua mlango, baridi ikanipiga kifuani. Kitanda kimetandikwa. Nikasema Bismillahi, nikazima. Nje ya dirisha maji ya bomba la AC yakaendelea kudondoka kwenye ndoo, tone, tone, kisha nayo yakakatika.

Nikampigia simu.

— Wamesemaje, baba?

— Wamesema maikrowevu haina kosa. Mimi niliisingizia.

— Alhamdulillahi. Basi Ijumaa ntakuja na vibakuli.

— Njoo kesho. Usilete chakula.

Nyuma yake nikamsikia mtoto wake akilia, na mumewe akimbembeleza.

— Sasa nije na nini, baba?

— Njoo na huyo anayelia, nikasema. AC ya chumba chako ntaiwasha mkifika.