Shangazi wa Meza ya Saini

Tarehe thelathini mwezi huu idara yetu ya mauzo itamuaga mtu ambaye wengi wetu tulimkuta hapa na tulidhani tutamwacha hapa. Ameitumikia kampuni yetu ya uchapishaji kwa miaka ishirini na tisa. Kwenye mkataba wake cheo ni Mratibu wa Hafla za Waandishi. Kwenye korido zetu ni Shangazi tu, na hata mkurugenzi, ambaye kiumri ni mkubwa wake, humwita hivyo hivyo bila kuona haya.

Alianzia stoo, akifunga maboksi. Kwenye hafla za kutia saini vitabu alipelekwa kwa bahati, baada ya msimamizi kuugua ghafla, na hafla hiyo ya kwanza ilidoda. Mwandishi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na riwaya ilikuwa yake ya kwanza. Alikuja amevaa suti aliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Meza iliwekwa mwisho kabisa wa duka la vitabu, nyuma ya rafu za madaftari. Tangazo lilibandikwa asubuhi ileile, na siku yenyewe ilikuwa ya fainali ya mpira. Watu watatu ndio waliosogea mezani. Mmoja alinunua kitabu. Wawili waliuliza choo kiko wapi, na mwalimu akawaelekeza kwa adabu zote. Jioni alimshukuru Shangazi, akasema pengine mambo ya vitabu hayakuwa fungu lake, akaondoka.

Maneno hayo yalimkaa Shangazi rohoni. Wiki iliyofuata alimfuata mwalimu nyumbani kwake na kumuuliza jambo ambalo ofisini hatukuwa tumefikiria kuuliza: ni watu gani wangefurahi kumwona akiwa mwandishi? Mwalimu alikuna kichwa, akawataja wanafunzi wake wa zamani, walimu wenzake, na kinyozi wake, ambaye alikuwa akisimuliwa riwaya ile sura kwa sura kila anapomnyoa. Shangazi aliwapigia simu mmoja mmoja. Hafla ikarudiwa, safari hii meza ikiwa karibu na mlango. Kinyozi alifunga duka lake akaja na wateja wake wote, mmoja wao kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Vitabu viliisha kabla ya saa kumi. Mwalimu hajaacha kuandika mpaka leo, na wahariri wetu wanajua jinsi asivyokubali kuondolewa hata koma moja.

Kuanzia hapo Shangazi akawa na namna yake ya kazi. Tarehe haipangwi mpaka ratiba za mitihani na mechi zitazamwe. Mwandishi haketi akisubiri kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Anasimama mlangoni, anasalimia, anauliza watu habari za kwao. Akisoma, asome kidogo, aishie pale msikilizaji anapotaka kujua kilichofuata. Kalamu hujaribiwa kwenye karatasi ya kitabu chenyewe, maana nyingine humwaga wino. Jina la msomaji huandikwa kwanza kwenye kipande cha karatasi, tangu siku mshairi mmoja alipomwandikia bibi mmoja maneno matamu kwa jina la wifi yake, na nyumba ile ikakosa amani kwa juma zima. Nakala zinazobaki hutiwa saini pia, kisha huachiwa wenye duka, nao hushukuriwa mbele ya watu. Ndiyo maana maduka hutupigia simu yakitaka hafla, hata kabla sisi hatujaomba.

Lakini hafla inayosimuliwa zaidi hapa ofisini ni ya dereva wa lori.

Huyu bwana aliendesha malori ya masafa marefu hadi mgongo ukakataa, ndipo akakaa chini na kuandika maisha yake. Katika sura moja alieleza jinsi kaka yake mkubwa, seremala, alivyokosa kufika kwenye maziko ya mama yao. Aliyaandika bila kuficha kitu. Tangu maziko hayo ndugu hao hawakuwa wakisemezana, na kitabu kilipotoka, familia nzima ilishika tama ikingoja kitakachofuata.

Siku ya kutia saini foleni ilifika nje. Binti wa dereva, aliyekuwa akiwafungulia watu kitabu kwenye ukurasa wa saini, alimwona mzee mmoja katikati ya foleni, akabadilika uso. Alimvuta Shangazi pembeni, akamwambia kwamba yule pale ni baba mkubwa, kwamba akifika mezani patatokea fujo mbele ya waandishi wa habari, na kwamba ni heri mlinzi amtoe mapema.

Shangazi alimtazama yule mzee kwa muda. Aliona kwamba kila akikaribia, anampisha aliye nyuma yake. Aliona pia kwamba nakala aliyoishika haikuwa mpya. Kona za kurasa zilikuwa zimekunjwa. Akamjibu binti kwa upole, "Huyu amekisoma kitabu cha baba yako mpaka mwisho, mwanangu. Hatumtoi."

Alimwendea, akamsalimia, akamletea kiti na maji. Kisha akamwomba kama angekubali kuwa wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho hakimbizwi na mtu. Seremala alikubali kwa kichwa tu. Shangazi alikiri baadaye kwamba hata yeye aliogopa, kwani kama angekosea, siku ya dereva ingeharibika, na yeye ndiye angekuwa ameiharibu.

Watu walipungua mpaka akabaki mmoja. Dereva alikuwa amechoka, kichwa ameinamisha, na aliuliza kama alivyouliza mchana kutwa: "Niandike kwa nani?"

"Kwa kaka yako," seremala akasema, "kama bado unaye."

Dereva aliweka kalamu chini. Binti aliziba mdomo kwa kitambaa. Seremala ndiye aliyeendelea. Alieleza kwamba siku ile alifika, ila alifika watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, akasimama kaburini peke yake, akaona aibu kuingia nyumbani, na aibu ile ikageuka kuwa miaka. Dereva alizunguka meza. Walishikana pale katikati ya duka, wazee wawili, na Shangazi akawatoa wafanyakazi wote nje, akafunga mlango akiwa upande wa nje.

Wasomaji wa toleo la pili wanajua kwamba sura ile sasa ina ukurasa mmoja zaidi. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeomba uongezwe.

Tangu siku hiyo kila mwandishi mpya anayepita mikononi mwa Shangazi huambiwa aitazame foleni vizuri, kwa sababu mtu hasimami mpaka miguu ikamuuma kwa ajili ya wino peke yake. Ana neno lake, na apewe nafasi alitoe. Vijana wawili aliowafundisha ndio watakaoshika kazi yake. Wamekwisha kuanza kuwakemea waandishi wanaochelewa, kwa sauti ileile.

Wiki iliyopita mume wake, fundi cherehani, alipita ofisini kumletea miwani aliyoisahau. Alitueleza akicheka kwamba kwa miaka yote hii amekuwa mgane wa kila Jumamosi: harusi za ndugu amekwenda peke yake, na watoto wamekua wakijua kwamba siku hiyo mama yuko madukani na baba ndiye mpishi. Akasema ameshaanza kupanga waende wapi Jumamosi ya kwanza, lakini hajamwambia.

Shangazi, asante kwa kazi, kwa uvumilivu na kwa kutuheshimisha mbele ya wasomaji. Nenda ukapumzike, ukiwa na afya na furaha nyumbani kwako. Na Jumamosi hiyo tukikupigia simu kuuliza kalamu ziko wapi, tafadhali usipokee.