Sauti ya Leodgar katika Santuri ya Shinyanga

Mpendwa wetu Leodgar Bartholomeo alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa Mzee Bartholomeo na Mama Scolastika. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Donatus, mdogo wake wa kumfuata.

Alisoma shule ya misheni hapo Ushirombo, akamaliza darasa la nane mwaka 1961. Gitaa alijifundisha mwenyewe, na kwa kelele zake mama alimwambia, "Kapigie zizini, ng'ombe hawatanilalamikia."

Mwaka 1964 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga. Huko, mwaka 1969, yeye na wenzake walianzisha bendi ya roki, Radi Band. Marehemu alitunga nyimbo zote, aliziimba na kupiga gitaa la solo. Mimi nilipiga besi.

Jumapili tarehe 18 Agosti 1974, alasiri, onyesho letu lilirekodiwa ukumbini mbele ya watu ili liwe santuri. Katika wimbo wa tatu umeme ulikatika na magitaa yakanyamaza. Mashine ya kurekodi ilikuwa ya betri. Leodgar hakusimama. Aliimba kwa sauti tupu, ukumbi mzima ukamwitikia na kupiga makofi hadi umeme uliporudi. Kipande hicho ndicho watu walichokipenda kuliko vyote.

Kanda nilizipeleka Nairobi mimi, kwenye kiwanda cha santuri. Waliponiuliza mtunzi ni nani na mwimbaji ni nani, nilitaja jina langu mara zote mbili. Sikukosea. Nilikusudia.

Santuri zilipofika, marehemu alilisoma jalada, akalisoma tena.

"Donatus, hapa wamekosea jina."

"Kweli kaka, wamekosea. Nitawaandikia barua."

Sikuandika. Watu ambao hawakuwahi kutuona jukwaani walinisimamisha barabarani kunipongeza, nami niliwashukuru, hata siku nyingine yeye akiwa amesimama kando yangu. Mwaka 1976 aliacha bendi. Alisema kazi za kiwandani zimezidi.

Alifunga ndoa na Theopista wa Kagongwa tarehe 9 Oktoba 1971. Mwaka 1979 walihamia Kalangalala, Geita, ambako alitengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu za wachimbaji wadogo. Gitaa hakulishika tena, lakini aliifundisha kwaya ya kigango, na wanakwaya wake wamesimama hapa.

Vumbi la mawe lilimharibu kifua. Aliugua tangu mwaka jana, akalazwa mara tatu. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona hospitalini.

"Ile barua hukuiandika," akaniambia.

"Sikuandika, kaka."

"Nilijua mwaka uleule."

Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa kuanza. Yeye akaniomba nimgeuze alalie ubavu wa pili. Nikamgeuza. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Novemba 1987, saa tatu asubuhi, na mimi sikuwepo.

Wasifu huu niliuandika mara mbili. Wa kwanza ulisema marehemu "alishiriki katika bendi ya mdogo wake." Mjane aliusoma, akanirudishia karatasi. "Shemeji, huyu simjui. Andika habari za mume wangu." Ndugu zangu, naona haya kusimama mbele ya jeneza lake, lakini haya iliyo kubwa zaidi ni kwamba hata jana nilikuwa bado tayari kudanganya.

Marehemu ameacha mjane, dada yake Paskalia, mimi, na watoto watatu: Anisia, Marselino na Apolonia. Watoto hao wamekua wakiamini kwamba anayeimba kwenye santuri ile ni baba yao mdogo. Leo asubuhi niliwaita nikawaeleza. Anisia aliniuliza, "Baba alikuwa akitusikia tukikusifu?"

Nilimjibu kwamba alikuwa akisikia.

"Na wewe ulikuwa unakaa kimya?"

Ndiyo, Anisia. Nilikaa kimya.

Leodgar, kaka yangu, Mungu akupokee kwa jina lako mwenyewe, upumzike kwa amani.