Bi Idalina Pires Fontes Aliyekataa Kusaini (1952–2025)

Leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, tunamsindikiza Bi Idalina Pires Fontes hapa Brockton, Massachusetts, mji alioishi karibu miaka ishirini na saba. Wengine wanatusikiliza kwa simu kutoka São Filipe.

Bi Idalina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 katika kijiji cha Chã das Caldeiras, ndani ya bonde la volkano ya kisiwa cha Fogo, Cape Verde. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Aniceto Pires na Bi Maria Juvência, waliolima mizabibu na maharage kwenye majivu meusi. Ardhi ya kule ina tabia ya kunguruma. Ikinguruma wakati wa chakula, Bi Maria Juvência aliwaambia watoto, "Mlima unajigeuza tu usingizini, kuleni." Wenzake walizoea. Idalina hakuzoea. Alikuwa mwoga tangu utotoni, na familia imeona hilo lisemwe wazi, maana asiyelijua hatapima vizuri alichokuja kukifanya ukubwani.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1960. Mwalimu alifundisha kwa Kireno na fimbo, na Idalina, ambaye Kireno kilimpita juu ya kichwa, aligundua kwamba neno "ndiyo" humaliza maswali upesi. Siku moja mwalimu aliamua kumpima.

"Idalina, umemaliza hesabu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikuchape?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe ni mbuzi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Darasa liliangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo kaka yake, Bwana Lourenço, alimwita Mbuzi, na aliendelea kumwita hivyo kwenye simu hadi mwezi uliopita. Idalina alimaliza darasa la nne mwaka 1964, akapelekwa São Filipe kwa mama yake wa ubatizo kujifunza kushona.

Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Bwana Teófilo Fontes katika kanisa la São Filipe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Adérito na Zulmira. Mwaka 1989 Bwana Teófilo alitangulia Marekani akaanza kuwaombea karatasi. Maombi yalichukua miaka. Mara picha ni ndogo kuliko inavyotakiwa, mara cheti cha daktari kimepitwa na wakati, mara jina la Idalina lina herufi moja zaidi huku kuliko kule. Kila bahasha ilipofika kutoka ubalozini, aliiweka mezani na kwenda kwanza kuosha vyombo. Hatimaye, tarehe 11 Machi 1998, alitua Marekani na watoto wake, akiwa na haki ya kuishi na kufanya kazi, ile tunayoiita kadi ya kijani.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya kutunzia wazee hapa mjini hadi alipostaafu katikati ya mwaka 2014. Wenzake wanamkumbuka kwa shuka zilizokunjwa hadi zikafanana na vitabu. Bwana Teófilo alifariki mwaka 2009. Tangu hapo Zulmira, aliyekwisha kuwa raia, alimsihi mama yake naye aombe uraia.

"Mwakani," alijibu kila mwaka.

"Mama, ni maswali tu. Unajibu, unarudi nyumbani."

"Maswali yanaulizwa na mtu. Huyo mtu ndiye simtaki."

Tarehe 2 Novemba 2014 alisafiri kwenda Fogo kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe 30 mwezi huo huo. Tarehe 23 mlima ukalipuka. Walimbeba Bi Maria Juvência kwenye kiti, akiwa anagoma, na mnamo Desemba uji wa moto ukaifunika nyumba yao, shamba lao na pipa la divai la marehemu Mzee Aniceto. Walihamia chumba kimoja kwa Bwana Lourenço, São Filipe. Mgonjwa hakutaka kulishwa na mkono mwingine wowote, na Bi Idalina hakuweza kuondoka. Miezi ikapita hivyo.

Desemba 2015 Zulmira alipiga simu, sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama, kuna mtu kazini ameniambia jambo kuhusu kadi yako."

"Kadi ninayo. Iko kwenye sidiria."

"Najua unayo. Lakini ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, wanaweza kuhesabu umehama."

"Nimehamia wapi? Nyumba imeliwa na moto, nalala chini kwa Lourenço!"

"Hicho kibali kinaombewa huku, kabla hujasafiri."

"Kabla sijasafiri ningejuaje kwamba mlima utalipuka?"

Zulmira aliahidi kuuliza zaidi.

Bi Maria Juvência alifariki tarehe 9 Januari 2016. Bi Idalina alimzika mama yake huku hofu ya safari ikimla. Hapa Brockton, bwana mmoja aliyekuwa akiwajazia watu fomu alimwambia Zulmira, "Apande ndege tu. Hizo tarehe hakuna anayeziangalia." Zulmira hakuridhika, akaenda kwa wakili aliyekuwa akiwasaidia watu katika ukumbi wa parokia. Wakili akamwambia kinyume kabisa. Wataangalia, wataona, na huenda wakamwekea mbele karatasi ya kusalimisha kadi kwa hiari. Akisaini, yamekwisha palepale. Akikataa, ana haki ya kupelekwa mbele ya jaji.

"Nitaitambuaje karatasi yenyewe?" Bi Idalina aliuliza kwenye simu. "Kiingereza sisomi."

"Usihangaike kuitambua. Usisaini chochote."

"Wakikasirika je?"

"Waache wakasirike."

"Zulmira, mwanangu, mimi si mtu wa kuwakatalia watu."

"Najua, Mama. Ndiyo maana naogopa."

Alitua tarehe 20 Februari 2016, alasiri. Afisa aliitazama pasipoti, akamtazama yeye, akaitazama tena pasipoti, kisha akamwelekeza kwenye chumba chenye viti vya plastiki ambamo simu hazikuruhusiwa. Mbele yake aliitwa mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu. Bi Idalina alimwona akiinama, akisaini, akipelekwa kupitia mlango mwingine. Mlango huo ulifungwa taratibu, bila kishindo.

Zamu yake ilipofika, afisa aliweka simu mezani. Sauti ya mkalimani, mwanamke wa Kibrazili, ikatoka humo.

"Umekaa nje miezi mingapi?"

"Kumi na tano. Mama alikuwa mgonjwa. Nyumba iliungua."

"Pole sana. Lakini hii ina maana huishi tena Marekani. Saini hapa, bibi, tumalize kwa amani. Siku nyingine utaomba viza ya kuja kutembea."

Kalamu iliwekwa mbele yake. Alisimulia kwamba mkono wa kulia ulianza kwenda wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Ndipo alipoirudisha mikono yote miwili na kuikalia.

"Nataka kumwona jaji."

"Jaji anaweza kukufukuza moja kwa moja."

"Nataka kumwona jaji."

"Unaelewa kwamba tunaweza kukufungia wakati unamsubiri?"

"Ndiyo."

"Ndiyo, unasaini?" mkalimani akauliza.

"Ndiyo, nimeelewa. Kusaini sisaini."

Alirudishwa kwenye kiti. Nje, Adérito na Zulmira waliwaona abiria wote wa ndege ile wakitoka, kisha wa ndege nyingine, kisha wafagizi wakaingia. Ndani, mama yao alikuwa bado ameikalia mikono yake, na alikuwa amejikojolea. Ni yeye mwenyewe aliyetaka hili lisemwe leo. Alisema wapo watakaoketi kwenye viti vile siku moja wakidhani kwamba wao ndio waoga wa kwanza duniani, na wasidhani hivyo.

Walimruhusu atoke akiwa na muhuri katika pasipoti na wito wa mahakama ya uhamiaji. Kadi walibaki nayo.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kuliko siku ile. Shauri liliahirishwa mara baada ya mara. Bi Idalina aliacha kukaa sebuleni kwa sababu dirisha lilitazama barabara. Alilala amevaa soksi na sketi ya kutokea. Gari jeupe likiegeshwa nje, alidhani ni la uhamiaji, akazima jiko, chakula kikabaki kibichi sufuriani. Mleta barua alipokuja, alijibanza nyuma ya jokofu, mpaka siku moja jamaa wa watu akapiga kelele mlangoni, "Mama Fontes, ni bili ya maji tu!" Familia ilicheka, naye akacheka, lakini kesho yake alijibanza tena.

Shauri lilisikilizwa tarehe 17 Oktoba 2018. Wakili alitoa tiketi ya tarehe 30 Novemba 2014 ambayo haikutumika, picha za paa la nyumba likichungulia kwenye mawe meusi, na cheti cha kifo cha Bi Maria Juvência. Jaji aliuliza swali moja ambalo Bi Idalina hakulisahau.

"Ulipokuwa kule, ukisema 'nyumbani', ulimaanisha wapi?"

"Mbele ya mama yangu nilimaanisha kwake," akasema. "Alipolala, nilimaanisha Brockton, kwa wanangu."

Kisha jaji alizungumza kwa muda mrefu kwa Kiingereza, akisoma, bila kuinua macho, na mkalimani wa siku hiyo alinyamaza akisubiri afike mwisho. Bi Idalina aliona uso wa jaji haucheki. Akajua yamekwisha. Alivua hereni zake, moja baada ya nyingine, akanyoosha mkono nyuma na kumshikisha Zulmira.

"Chukua kabla hawajanishika," akanong'ona. "Na makasha ya mahindi yako chini ya kitanda."

Zulmira, aliyekuwa anaelewa kila neno la jaji, alikuwa analia, na machozi yale yakamthibitishia mama yake yale aliyoyaogopa. Ilibidi wakili amshike mabega. "Bi Idalina, umeshinda. Jaji amesema hukuwahi kuihama nchi hii. Umeshinda." Alimtazama wakili, akamtazama jaji, akauliza, "Ana hakika?" Jaji alipotafsiriwa swali hilo, ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza, akasema ana hakika.

Kwa sababu ya ile miezi aliyokaa nje, alisubiri hadi Machi 2020 ndipo akaomba uraia. Kwa umri wake na miaka yake hapa, sheria ilimruhusu kujibu maswali kwa lugha yake. Gonjwa la dunia likafunga ofisi, na hofu ikapata nafasi nyingine. Aliapa tarehe 24 Juni 2021, akiwa amevaa barakoa, mkono wa kulia juu. Usiku ule, Zulmira anasema, alivua soksi kabla ya kulala.

Septemba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi mingi, akapata nafuu, ikarudi. Mpwa wake mmoja ndiye aliyekaa naye usiku na mchana. Karatasi za mpwa huyo bado ziko mikononi mwa uhamiaji, na akivuka mpaka kabla ya kupewa kibali, maombi yake yote yanahesabiwa kuwa ameyatupa. Bi Idalina alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Watoto walipomwuliza kama angependa kuzikwa Fogo karibu na mama yake, wote tulidhani jibu tunalijua.

"Hapana," alisema. "Mkinipeleka kule, wengine mtabaki huku mkitazama kwenye simu. Nizikeni mahali ambapo huyu binti anaweza kuja kunipalilia bila kumwomba mtu ruhusa."

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Bi Idalina ameacha mwanawe Adérito, binti yake Zulmira na mkwewe Belmiro, wajukuu watatu, Ivandro, Leida na Nilton, na kaka yake, Bwana Lourenço Pires, ambaye aliomba viza ya kuja kumzika akanyimwa, na yuko kwenye simu hii sasa hivi. Pole, mjomba.

Ameacha na wengine ambao majina yao hatukuyachapa. Karatasi hizi za wasifu zitasahaulika kwenye viti vya kanisa na kwenye mabasi, na hatujui ni nani atakayeziokota. Wapo waliokuja hapa kwa barabara za ndani, na wapo walioshindwa kabisa kutoka majumbani mwao asubuhi hii. Ninyi mnajijua. Mlimwogesha, mlimgeuza, mlimchujia kachupa, chakula chetu cha mahindi na maharage, alipobaki kumeza supu yake tu. Jumapili ile, siku moja kabla hajatuacha, dirisha likiwa wazi na watu wakipita barabarani, aliwaombea nyote mmoja mmoja, kwa majina yenu kamili, kwa sauti ya juu.

Mungu ampumzishe Idalina wetu, na amani yake iwe ya kudumu.