Moyo wa Mwalimu Habibullah

Marehemu Mwalimu Habibullah Tavangar alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Ardestan, Iran, mtoto wa tatu wa mfumaji wa mazulia Bwana Mashallah na Bi Sediqe. Alisoma hapo hapo, kisha chuo cha ualimu Isfahan, akafundisha jiografia mpaka alipostaafu. Wanafunzi walimpenda, ingawa alikuwa mkali kama pilipili kwa yeyote aliyechora mto ukipanda mlima.

Mwaka 1978 alimwoa Bi Ozra, aliye hapa mbele yetu. Mwaka huo huo waliandamana pamoja kuuleta utawala huu wa dini, na hawakuwahi kulificha hilo.

Mwaka 2006 aliomba kugombea udiwani. Kamati ya kuchuja wagombea, vijana aliowafundisha kusoma ramani, ilimwita kumpima dini yake.

"Mwalimu, chooni mtu huingia kwa mguu gani?"

"Nikibanwa, mwanangu, kwa ule unaofika kwanza."

Jina likakatwa: imani yake haikuthibitika. Yeye, aliyekuwa akiadhini katika msikiti wa mtaa wetu! Bi Ozra alicheka, kisha akalia kweli.

Hata hivyo hakuacha kupiga kura. Majirani walimchokoza: "Mwalimu, wameshakuchagulia. Unakwenda kuchagua nini?"

"Nakwenda wanihesabu. Nikisusa, watasema nimelala."

Juni 2009, siku ya uchaguzi wa rais, alipanga foleni tangu asubuhi. Matokeo yalitangazwa upesi mno, na hayakufanana kabisa na foleni tuliyoiona. Siku ya tatu aliingia barabarani na maelfu ya watu, wote kimya, ameshika karatasi yenye swali moja: kura yangu iko wapi? Hakurudi nyumbani.

Hapa kwa desturi hutajwa ugonjwa wa marehemu. Mwalimu hakuugua. Waliotukabidhi maiti walitoa sharti: semeni moyo ulisimama, la sivyo hakuna kaburi. Tulikata tamaa. Mdogo wake Nosrat, anayewasomea haya, alishika kalamu kuandika wasifu huu.

"Andika, shemeji," Bi Ozra alimwambia. "Si uongo, moyo ulisimama. Ila andika na kilichousimamisha."

Ndiyo maana wasifu huu unasomwa baada ya kufukia, si kabla.

Moyo wa Mwalimu Habibullah ulisimama jioni ya tarehe 15 Juni 2009, kwa risasi.

Ameacha mjane, binti yake Fereshte, na wajukuu wawili. Apumzike yeye kwa amani. Sisi aliotuacha hatuna.