Mto wa Kulia

— Nani kamwaga oili mtaroni?

Bi Bustani aliuliza hivyo bila hodi wala salamu, mikono ina tope mpaka viwikoni, na kikombe cha Spana kikamgonga meno. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja, birika moja la kahawa na wanaume watatu: Profesa, aliyeishia kidato cha pili, Kinyozi, na Spana, fundi magari, ambaye gereji yake iko hatua kumi tu kutoka hapo, upande wa juu wa mtaro. Upande wa chini, hatua thelathini, ndiko kwenye matuta ya mchicha ya Bi Bustani. Katikati, mtu alikuwa ameuziba mtaro kwa mfuko wa wavu wa vitunguu, umeshindiliwa kitu kama pamba. Sasa kilikuwa cheusi. Alfajiri kilikuwa cheupe, na hilo Spana alilijua.

— Aliyemwaga si hoja, alisema Profesa. Hoja ni huo mfuko. Oili inakwama, maji yanapita. Huo umeshushwa na setilaiti.

— Setilaiti wapi! Nywele hizo, alisema Kinyozi. Hakuna kinachokunywa mafuta kama kichwa cha mteja wangu.

— Nywele zote hizo? aliuliza Profesa. Umenyoa bunge zima?

— Ni sufi, alisema Bi Bustani. Inatoka kwenye tunda la msufi. Maji haiyataki, mafuta inayafyonza. Ila huo mfuko umeshashiba, na oili bado inakuja. Aliyeuweka alete mwingine sasa hivi, kabla mchicha wangu haujanywa debe zima.

— Nusu debe, alisema Spana.

Wakamgeukia wote.

— Nakadiria tu.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, alisema Profesa.

— Na oili je? aliuliza Kinyozi.

— Oili hawakuitaja. Ndiyo maana nasema setilaiti.

Spana alipeleka kinywani kikombe kilichokwisha zamani. Sufi nyingine alijua iko wapi. Iko kwake, chumba cha wageni. Mama mkwe alikuja juzi na mito yake miwili, kwa kuwa mito ya watu haiamini, na alfajiri ile alipokwenda kuoga, mmoja ulipata safari.

Sasa huyo hapo, anakuja, kandambili zikimlia miguuni.

— Hamjambo wanangu? Nani kachukua mto wangu?

Bi Bustani aliutazama mfuko, kisha akamtazama Spana. Spana akasimama, kofia mkononi, macho chini kama inavyompasa mkwe.

— Mama, oili nimemwaga mimi. Debe lilinipindukia. Nikachana mto wako, ule wa kulia.

— Wa kulia!

— Ndiyo, Mama. Naomba na wa kushoto.