Heri Aliyotakiwa Bwana Thévenon

Ndani ya basi la kupanda kilima cha Croix-Rousse, mjini kwetu, mama mmoja alimtambua mzee aliyeketi karibu naye. "Si wewe yule muuaji wa sinema? Halafu ukatangaza jibini kwenye televisheni?"

"Ndiye mimi, Thévenon. Leo narudi jukwaani, mara ya kwanza tangu niliposahau maneno mbele ya watu, miaka tisa iliyopita."

"Basi nakutakia kila la heri!"

Mzee akasawijika. Kwetu mwigizaji hatakiwi heri, maana humletea mkosi; huambiwa "mavi", naye hashukuru. "Umeniloga, mama! Ifute hiyo heri. Niambie mavi."

"Mimi nafundisha watoto katekisimu. Sitamki uchafu ndani ya basi."

"Neno moja tu, nakusihi. Nitasahau tena!"

"Mzee mzima! Kumbuka maneno yako, yangu niachie."

Basi likasimama mbele ya ukumbi wa maigizo. Mzee akabaki mlangoni, mguu mmoja chini, akimtazama. Mama akageukia dirishani.

"Mavi!" dereva akafoka. "Unashuka au hushuki?"

Sijui kama la dereva linahesabika. Mzee alishuka taratibu, na hakushukuru.